Kura Tatu za Kasugho

Mbuzi alirudi. Katungu alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi mbele ya nyumba yao huko Mususa, mtaa wa Butembo, anachambua maharagwe, alipoona pikipiki inashuka kilima, dereva mbele, mume wake nyuma, na katikati yao dume jeusi lile lile waliloliaga juzi asubuhi. Aliinua macho mara moja, akayarudisha kwenye ungo. Hakutaka kuuliza, maana jibu lenyewe lilikuwa linalia kwenye mapaja ya Zacharie.

Mtu asiyejua mambo ya Kasugho atasema, mbuzi akirudi si faida? Kuleni nyama, mshukuru Mungu. Hayo ni maneno ya mtu mwenye shamba lake. Kule, kwenye vilima vinavyoingia msituni, asiye na ardhi hulima ya mwenzake, na kila mwaka baada ya mavuno humpelekea mbuzi. Mwenye ardhi, au kapita wake anayemsimamia mashamba, akishika kamba kwa mkono wake, umepewa mwaka mwingine. Asiposhika, hakuna barua, hakuna tusi, hakuna kesi. Unarudi na mbuzi wako na kuanza kufunga vyombo.

Na shamba lenyewe lilikuwa la Mama Vagheni, mama yake Zacharie, aliyelilima tangu alipoolewa. Ardhi ilikuwa ya Patron Mathe, na kabla yake ya baba yake Mathe. Majeshi ya kila rangi yalipita humo miaka ya vita, yakala mbuzi wa mama mpaka wa mwisho, ndiyo maana siku hizo mbuzi wa shamba alikuwa akinunuliwa Butembo, kwa vitanda alivyochonga Zacharie na kwa unga wa mihogo aliouza Katungu. Mama naye aliwaletea maharagwe. Maharagwe hayo ndiyo yaliyolisha nyumba ya Mususa, ndiyo yaliyomsomesha binti yao Myriam. Mzee, baba yake Zacharie, alikuwa amezikwa hapo hapo chini ya migomba, hata kaburi halijaota majani vizuri.

"Kapita anasema nini?" Katungu aliuliza mwishowe.

Zacharie alifungua kwanza miguu ya mbuzi. "Anasema patron hapana taka."

"Hapana taka mbuzi, ao hapana taka Mama?"

"Ni kintu kimoja, Mama Myriam." Akajipangusa vumbi usoni. "Hata soda wa barrière, na bunduki yake, alimutaka huyu mbuzi, alimushika mapembe, niliomba mpaka magoti iliuma. Patron tu ndiye hapana taka."

Kisha akaeleza, nusu nusu kama kawaida yake, maana Zacharie ni mtu wa kutoa maneno kama anayatoa kwenye mfuko uliotoboka, akiogopa mengine yasianguke. Shida ni kura. Kasugho, kwenye kilima chao, Patron Mathe alikosa kura tatu.

Katungu alisimamisha mikono. Ilikuwa mwaka 2006. Vita ilikuwa imetangazwa kuisha, ingawa risasi zenyewe hazikuwa zimesikia tangazo hilo, na nchi nzima ilikuwa imetoka kupiga kura. Kwa rais hakukuwa na ugomvi huko kwao, tajiri na maskini wengi waliangukia upande mmoja, kwa hamu ya kulala bila kukimbia. Ugomvi ulikuwa kwa wabunge. Patron Mathe ana magazini, maduka makubwa ya mabati na vitenge, katikati ya Butembo, lakini hakugombea Butembo. Hakuwa mjinga. Mjini matajiri ni wengi, na muuza mikate anayekula jasho lake anaweza kunywa pombe yako, akakushukuru, akaenda kumchagua jirani yako. Mathe alikwenda kugombea Lubero, iliko Kasugho, kwa watu wanaolima udongo wake.

Matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya kura. Ya Mususa Katungu aliyasoma mwenyewe. Kila mgombea alikuwa amepata kidogo, majina yamechanganyika, na hakuna mtu duniani angejua nani alimpa nani. Kule Kasugho karatasi kwenye mlango wa shule ilikuwa ya mtu mmoja kutoka juu mpaka chini, isipokuwa kura tatu zilizokwenda kwa mpinzani wake. Ndiyo tofauti ya kuwa wengi na kuwa wachache, na ya kula chako na kula cha mtu. Siri ya kura iko mjini. Mlimani, siri hiyo inahesabika kwa vidole.

Na alishinda! Hilo ndilo lililomkereketa Katungu. Mathe alipita, watu walishaanza kumwita Honorable hata kabla Kinshasa haijamwita, na bado mtu aliyepewa kilima kizima alikuwa anatafuta vipande vitatu vilivyobaki. Kapita wake, Kahongya, alikusanya watu, mmoja mmoja akaapa kwa jina la Bikira Maria kwamba si yeye. Walipomaliza kuapa, macho yote yakageukia pembeni, kwa yule mtoto wa Mama Vagheni anayekaa Butembo, aliyekuja siku ya kura na viatu vya ngozi.

Maana Zacharie alipigia kura Kasugho. Mwaka uliotangulia, mashine ya kuandikisha wapiga kura ilifika huko akiwa kwenye matanga ya baba yake, naye akajipanga kwenye mstari kama wengine. Si kwamba alipenda siasa. Watu walikuwa wamekaa miaka bila kitambulisho, na ile kadi, yenye picha yako na jina lako, ilisaidia kwenye barrière, vizuizi vya askari barabarani, kuliko rozari. Basi kadi ikasema Kasugho, na siku ya kura sheria ikamrudisha Kasugho.

"Baba Myriam," Katungu alisema, "ulichagula nani?"

"Kura ni siri."

"Siri ya nani? Ya miye bibi yako?"

"Ni sheria," Zacharie alisema, akavuta mbuzi kumpeleka nyuma ya nyumba.

Katungu alijua. Nani asingejua? Miezi miwili kabla ya uchaguzi, pale atelier, karakana yao ya useremala, Zacharie na wenzake wakiwa na randa mkononi walikuwa wanamkata Mathe vipande. Kidole changu hakinunuliwi kwa bati, alisema mume wake mbele ya wateja, na mafundi wenzake wakacheka na kumpigia makofi. Alirudi nyumbani siku hiyo ametanua kifua. Katungu alimwambia kwa upole achunge mdomo. Sasa mdomo ule ndio ulikuwa unakwenda kumtoa mama mzima kwenye shamba, na mwenyewe anasema ni sheria. Sheria ilimlimia nani maharagwe?

Usiku ule na asubuhi yake hawakusemezana ila kwa njia ya Myriam. Mwambie baba yako chai iko tayari. Mwambie mama yako nimeshaona. Mtoto alichoka, akaenda shule mapema bila kutumwa.

Saa sita Katungu alivaa kitenge chake cha misa, akamfunga mbuzi kamba mpya. Alimtangazia mume wake kwamba wanakwenda kwa patron mwenyewe, nyumbani kwake, hapa hapa Butembo. Kapita ni mkono tu, alisema, na mkono hauombwi msamaha. Zacharie alijaribu kusema kwamba ana kitanda cha mtu cha kumaliza. Katungu akamuuliza kama kitanda hicho ni cha kumlaza mama yake watakapomleta, na kama ni hicho, basi afanye haraka. Zacharie akatafuta kofia yake.

Njiani yeye mbele, mume wake nyuma na mbuzi. Watu wa Mususa waliwasalimia wakauliza kama kuna harusi. Katungu alijibu ndiyo, iko harusi, maana kueleza kungechukua siku nzima. Kichwani alikuwa anapanga. Akikataa, nitalia. Kulia kukishindwa, nitasema ukweli. Nitasema ni bwana yangu, kichwa chake kigumu, mama hana kosa. Zacharie ataaibika, ndiyo, lakini haya haiui, na njaa inaua. Alirudia maneno hayo mpaka yakaacha kumuuma.

Mlinzi wa getini aliwaangalia kuanzia miguuni. Aliuliza kama wana rendez-vous. Walisema hapana, wamekuja na mbuzi wa shamba. Alisema mbuzi wanapokelewa huko huko vijijini, hapa ni kwa watu. Katungu alimwomba kwa jina la watoto wake, akampa kitu kidogo kilichokuwa kwenye fundo la kitenge, na mlinzi akawaonyesha mahali pa kukaa, kwenye saruji karibu na tangi la maji. Walikaa hapo mpaka jua likahama upande wa pili wa ukuta. Mbuzi akala maua ya ua. Mlinzi akaja kumgombeza Zacharie, si mbuzi, na Zacharie akaomba radhi kwa niaba ya mnyama.

Barazani palikuwa na kicheko na harufu ya nyama ya kuchoma. Patron Mathe alikuwa na wageni, mfanyabiashara mmoja wa mafuta kutoka Beni aitwaye Josaphat, mwili mkubwa na shati jeupe, pamoja na mke wake Jokébed. Jeep yao ilisimama uani, tope la barabara ya Beni limekauka milangoni. Walikuwa wamekuja kumpongeza Honorable. Hatimaye mtu alitumwa kuwaita watu wa mbuzi.

Hawakuambiwa wakae. Katungu alipiga goti kidogo, akasalimia kwa Kinande na kushukuru, wasingya, wasingya, kabla hata hajapewa chochote. Akaeleza ya Mama Vagheni, umri wake, kaburi la mzee, mbuzi asiyepungua hata mwaka mmoja, hata miaka ya kukimbia msituni. Mathe alisikiliza kwa adabu. Si mtu wa kupiga kelele, Mathe. Alipangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Nani alisema nilikatala mbuzi juu ya kura?" aliuliza. "Kura ni siri, mama. Ni sheria."

Katungu alisikia maneno yale yale ya mume wake yanatoka kwenye mdomo ule, akatamani kucheka.

"Miye naulizaka kintu kimoja tu," Mathe aliendelea. "Bale batu batatu banakula mu udongo yangu. Mutu anaweza kulisha mutu mwenye hamupendi? Niambie weye, mama. Weye unaweza?"

Machozi aliyokuwa ameyaandaa hayakuja. Alitazama mbuzi, akatazama viatu vya Zacharie, akasikia sauti yake mwenyewe.

"Honorable, ni bwana yangu. Mama hana kosa, Mama alikuchagula. Ni huyu, batu ba atelier bamemuharibu kichwa. Umusamehe."

Zacharie alimgeukia. Hakuwa na hasira. Alimwangalia kwa jicho moja limefinywa kidogo, vile anavyoangalia ubao kabla ya kuukata. Kisha akavua kofia.

"Ni miye, mukubwa," alisema. "Unisamehe."

Katungu alihisi mzigo unashuka mabegani, na mahali pake panaingia kitu kibaya zaidi.

"Sawa," Mathe alisema. "Umesema ukweli, ni vizuri. Weye ni mumoja. Bengine babili ni banani? Unitajie bale babili, miye nashika kamba sasa hivi, hapa."

Zacharie alisema hawajui. Mathe alisema ajaribu kukumbuka. Zacharie akasema tena hawajui, kwa sauti ya chini, kofia inazunguka mikononi. Na hapo Katungu alijikuta anafikiri. Alifikiri juu ya yule jirani wa bondeni aliyesogeza mpaka na kumtukana Mama Vagheni mbele ya watu. Alifikiri juu ya mdogo wake jirani yule, mlevi, asiye na mke wala mtoto. Majina mawili yalikuwa kwenye ulimi wake, mazito na matamu. Mungu amsamehe, alifungua mdomo.

Josaphat ndiye aliyewahi. Alianza kwa kukohoa, kukohoa kukawa kicheko, akacheka mpaka akaweka chupa chini.

"Mathe, acha kusumbua batu ba Mungu. Huyu bwana anasema bongo, hakufanya kintu. Zile kura tatu ni zetu. Ni miye, Jokébed, na chauffeur."

Mathe alimkazia macho. Josaphat akaeleza bila haraka, akichagua nyama. Si Mathe mwenyewe ndiye aliyemsihi aandikishwe Kasugho, kwa kuwa ana kahawa kwenye kilima cha pili? Alikwenda na mke wake na dereva, wakaandikishwa. Siku ya kura alikwenda tena, pamoja nao, kwenye shule ile ile. Lakini mtu wake wa Kinshasa, yule anayemsaidia malori yake yasilale mpakani Kasindi, yuko kwenye chama cha mpinzani, na alikuwa ameomba kura. "Essence ya magari ya campagne yako si nilikupa? Nilikupa. Basi kura nilimupa ule. Biashara, ndugu yangu. Na weye ulipita, shida iko wapi?"

Katungu alingoja radi ipige. Alingoja kuona mtu anayekula nyama ya Mathe na kunywa pombe ya Mathe, akifukuzwa pamoja na jeep yake. Kisha bega la Mathe likaanza kutikisika. Alicheka, akampiga Josaphat pajani, akasema Josa, weye ni shetani, akamwongezea bia kwa mkono wake mwenyewe.

Mungu wangu, basi yamekwisha. Katungu aliwaza hivyo kwa kweli. Alimvuta mbuzi mbele, akainyoosha kamba kwa mikono miwili, jinsi desturi inavyotaka.

"Basi, Honorable," alisema. "Mbuzi ndiyo huyu."

Mathe aliitazama kamba kana kwamba ni mara ya kwanza anaiona. Kicheko kilikuwa bado kiko machoni.

"Mama, hii kamba haitashikwa. Kahongya alishaikatala mbele ya kilima kizima. Nikipokea leo, kesho batasema Honorable alikosea, na kesho kutwa kila mutu atapanda hapa na mbuzi yake na machozi yake. Mama yenu avune maharagwe yenye iko mu udongo. Alafu atoke." Akamgeukia Zacharie. "Na weye, unakubali kosa lenye hukufanya. Mutu wa vile, ntamuamini namna gani?"

Jokébed alimgusa mume wake mkono, akanong'ona kwamba aseme na mwenzake. Josaphat alitikisa kichwa na kusema shamba ni la mwenyewe, yeye hawezi kuingilia. Basi Jokébed, asiye na lingine la kufanya, akampa Katungu chupa ya Fanta. Katungu aliipokea, akashukuru. Ndiyo, alishukuru. Mdomo umezoea.

Getini mlinzi alisema chupa haitoki. Ilibidi ainywe yote hapo hapo, amesimama, mlinzi amenyoosha mkono, Zacharie na mbuzi wanangoja barabarani.

Walishuka mpaka wakapita soko. Maji yalikuwa yamezidi unga. Mama angekuja Mususa, kwenye chumba cha Myriam, na magoti yake na jembe lake, mahali pasipo hata mita moja ya kulima. Mzee angebaki peke yake chini ya migomba ya watu. Na juu ya yote hayo, Katungu alikuwa amemsimamisha mume wake mbele ya wanywaji bia na kumuuza kwa kosa lisilo lake.

"Unisamehe, Baba Myriam," alisema.

Zacharie alisema haina neno.

"Iko na neno. Juu ya nini ulikubali? Si ungesema tu, si miye?"

"Ungeniamini?"

Walitembea tena. Mtu wa pikipiki aliwapigia honi, akataka kujua kama mbuzi anauzwa. Zacharie alimpungia mkono apite.

"Sasa ulichagula nani?" Katungu aliuliza, na safari hii hakuuliza kwa ukali. "Kura zote zilijulikana. Ulichagula nani?"

Zacharie alisimama. Mbuzi naye akasimama, akaanza kunusa mfereji.

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Mathe." Alikuwa anaangalia upande wa barabara. "Njia muzima nilikuwa najiambia hapana. Nikafika mule ndani, nikaona sura yake pa karatasi, nikawaza Mama. Mukono ilienda yenyewe. Nilisema maneno mingi sana pa atelier, Mama Myriam. Niliona haya kukuambia."

Katungu alimwangalia mume wake, kofia yake, viatu vyake vya ngozi vilivyomponza. Na ndipo alipogundua jambo ambalo hasira ilikuwa imelifunika tangu jana. Huko ndani, chini ya kelele zote, alikuwa anajivuna kidogo. Alidhani ameolewa na mtu mmoja kati ya wale watatu waliothubutu.

Alimnyang'anya kamba.

"Afadhali ungemunyima, Zacharie," alisema. "Angalao tungejua tunafukuzwa juu ya nini."